Waziri Aliyeng'oa Bomba

Nyumba ya serikali aliyopewa Waziri wa Maji ilikuwa na mabomba hata mahali pasipohitaji bomba. Lilikuwepo moja ukutani karibu na geti, halina ndoo, halina bustani, halina kazi yoyote hapa duniani, na ukilifungua lilitoa maji kwa nguvu ya kukupokonya kikombe. Mama mzazi wa waziri huyo huyo, aliyekaa mtaa wa juu upande wa pili wa jiji, hakuwa na bomba hata la mapambo. Alinunua maji kwa madumu kutoka kwa msukuma mkokoteni, akayatumia kwa adabu: kwanza yanaosha mboga, halafu vyombo, halafu sakafu, na mwisho yanamwagiwa mbwa wa jirani asiyejua kunyamaza.

Watu wa mtaa walikuwa na usemi wao. "Mfinyanzi hulia gaeni," walisema kila msafara wa waziri ulipopita barabara kuu na ving'ora vyake, "na mama wa Waziri wa Maji huoga kwa kikombe."

Hawakumwita Mheshimiwa. Walimwita Spana, jina alilokuwa nalo kabla hajawa na suti.

Mama huyo alikuwa mpishi wa shule. Alishastaafu, ila mdomo wake ulikuwa bado kazini. Mwanawe alimbembeleza mara nyingi ahame.

"Mama, njoo ukae kwangu. Maji moto, maji baridi, unachagua mwenyewe."

"Kwako wapi? Ile nyumba ni ya serikali. Siku wakikutoa wewe, mimi nitatokea mlango gani na sufuria zangu?"

"Hawanitoi, mama."

"Hata aliyekutangulia alisema hivyo hivyo. Wewe niletee maji hapa. Nataka ninawe maji ya mwanangu kwa mikono yangu mwenyewe, kabla sijaoshwa nayo."

Waziri alicheka. Halafu akaacha kucheka, maana mama yake hakuwa anacheka. Tangu siku ile, kila aliponawa mikono katika nyumba ya serikali, alisikia neno lile likidondoka pamoja na maji.

Spana aliachwa na baba angali mtoto wa kubebwa, akaiacha shule kabla shule haijamaliza kumchoka, akaenda kufundishwa kazi na mjomba wake, fundi bomba mwenye sifa nzuri na tumbo kubwa. Tumbo ndilo lililompa kijana ajira. Mjomba hakuweza tena kuingia chini ya masinki, na mpwa alikuwa mwembamba kama fito.

Mjomba alikuwa na sheria moja, na aliirudia kila kazi ilipokwisha.

"Umefunga?"

"Nimefunga, mjomba."

"Usifungue maji. Vuta kwanza. Mikono miwili, kama unamtoa ng'ombe shimoni. Likikaa, ndipo ufungue. Kama la kutoka, afadhali litoke mkononi mwako kuliko kumtokea mwenye nyumba akiwa na sabuni machoni."

Sheria hiyo ikamwingia kijana kwenye mifupa. Akawa havuti mabomba tu. Alivuta vitasa vya milango, alivuta miguu ya kiti kabla ya kukalia, alivuta kamba za nguo za watu. Siku ya harusi, alipokabidhiwa mkono wa bibi harusi, muuguzi mwenye subira, aliuvuta kidogo, kuhakikisha tu. Ulikaa. Umekaa mpaka leo.

Namna alivyoingia kwenye siasa husimuliwa kwa njia mbili. Wasifu wake rasmi unasema kwamba alianza utumishi kwa "kuimarisha miundombinu ya chama." Hauongopi. Siku ya mkutano mkuu, choo cha ukumbi kilipasuka mwenyekiti wa chama akiwa ndani. Kitasa kilikuwa kimegoma, maji yanapanda, na nje wajumbe walikuwa wamekusanyika kujadili kama taratibu zinaruhusu kuuvunja mlango wa mwenyekiti kabla mwenyekiti hajaidhinisha. Ndipo akatokea kijana kutoka jikoni, alikokuwa anazibua sinki, akawasogeza wajumbe kwa kiwiko, akafungua bawaba za mlango kwa bisibisi, akauweka mlango pembeni kama mtu anayefunua chungu.

Mwenyekiti akatoka, suruali imelowa mpaka magotini, heshima imelowa kidogo zaidi.

"Kijana," akauliza, "wewe ni wa tawi gani?"

"Mimi ni wa sinki la jikoni, mzee."

Mzee akacheka mpaka akashika ukuta. Uchaguzi uliofuata Spana akasimamishwa kugombea udiwani, akashinda, maana hapakuwa na nyumba mtaani ambayo hajawahi kulala chali chini ya sinki lake. Baadaye ubunge. Baadaye unaibu waziri wa michezo, ingawa mpira alikuwa hajui hata upande wa kuupiga. Kisha akapewa mifugo, akazindua majosho huku akiwaogopa madume waziwazi. Serikalini ndivyo mambo yalivyo: anayejua maji hupelekwa kwanza kwa ng'ombe, ili asije akajiona. Alipopewa wizara ya maji hatimaye, wengi walidhani ni makosa ya uchapaji.

Na hapo lugha ikamgeuka. Bomba likawa "mtandao wa usambazaji." Kuvuja kukawa "changamoto." Maji yasipokuwepo kabisa, hiyo ilikuwa "mchakato unaendelea." Mikono nayo ikalainika. Siku moja mama yake aliushika mmoja, akaugeuzageuza kama mtu anayekagua nyanya sokoni.

"Huu mkono wa nani?"

"Wangu, mama."

"Mwongo. Wako naujua mimi."

Lakini tusimwonee. Alifanya kazi. Alikuwa mmoja wa wale mawaziri wachache wanaofika mwisho wa barabara ya vumbi badala ya kuipungia mkono kutoka kwenye lami. Alipata vidonda vya tumbo kwa kula chakula cha mchana saa za chakula cha jioni, na mkewe alimkuta mara kwa mara amesinzia kwenye kochi, ramani ya chanzo cha maji imemfunika kifua kama shuka. Vijiji ambavyo havikuwahi kuona bomba viliona bomba. Ila kila bajeti ilipoletwa mezani na mtaa wa juu ukiwa kwenye mpango, yeye mwenyewe aliuchukua na kuusogeza chini.

"Watasema najipendelea," alimwambia mkewe.

"Na mama yako anasema nini?"

"Mama anasubiri."

"Mama ana miaka mingapi, baba watoto?"

Akaikunja karatasi ya bajeti. Kuna hesabu ambayo hata waziri haifanyi kwa sauti.

Basi ukaja uvumi. Baraza la mawaziri lingepanguliwa. Uvumi wa namna hii huwa na harufu: makarani wanaanza kukusalimia kwa heshima iliyopungua kidogo, na dereva wako anaanza kuulizia habari za mawaziri wengine. Spana akaona muda unamkimbia. Asipoyafikisha maji kwa mama yake sasa, akiwa bado na wizara mkononi, hatayafikisha tena. Akawaita ofisini katibu mkuu wa wizara na mhandisi wa mradi.

Mhandisi alikuwa dada mdogo wa umri, mwenye kofia ngumu aliyokuwa anasahau kuivua hata ofisini.

"Mtaa wa juu," waziri akasema. "Alhamisi nataka maji yatoke."

"Mheshimiwa, bomba kuu limefika barabarani tu," mhandisi akasema. "Halijavuka. Chini ya barabara kuna mwamba. Tunahitaji mashine na muda."

"Dada yangu, sijauliza habari za mwamba. Nimeuliza habari za Alhamisi."

Mhandisi akafungua mdomo. Katibu mkuu, mtu mwenye sauti ya mafuta ya nazi, akamwahi.

"Alhamisi yatatoka, Mheshimiwa."

Katika jengo lile, aliyesema inawezekana aliongezewa chai, na aliyesema haiwezekani alipewa uhamisho. Mhandisi akaufunga mdomo wake, akatoka na mwamba wake kichwani.

Alhamisi ikafika. Uwanja wa shule ya msingi ya mtaa ukapigwa turubai. Wageni waalikwa walipewa viti vilivyovikwa kitambaa, wenye mtaa wakapewa vya plastiki, na waliochelewa wakapewa jua. Mbele kulikuwa na nguzo fupi ya zege iliyopakwa rangi ya buluu, na kwenye nguzo bomba jipya linalong'aa, limefungwa utepe. Mshereheshaji alikuwa amelipwa ili pasiwe na ukimya hata kidogo, naye alikuwa mwaminifu kwa mkataba wake.

Mama wa waziri alikaa mstari wa mbele, ndoo yake nyekundu miguuni. Kijana wa itifaki akainama.

"Mama, ndoo tuiweke nyuma kidogo. Inaharibu picha."

"Na maji nitayabebea nini, mwanangu? Huo mkoba wako?"

Ndoo ikabaki.

Waziri akahutubia, akapigiwa makofi, akasogea kwenye nguzo, akakata utepe. Hapo alitakiwa afungue bomba, ndoo ijae, picha ipigwe, bomba lifungwe, watu wakale. Akaweka mkono juu ya koki. Akamtazama mama yake. Mama alikuwa ameshasimama, kainua ndoo kifuani kama mtu anayebeba mtoto kwenda kubatizwa.

Hili lilikuwa bomba la mama. Ndipo mikono, bila kumuuliza mwenyewe, ikakumbuka mjomba.

Akashika bomba kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa, fungua tu," katibu mkuu akanong'ona nyuma yake. Sauti ya mafuta ya nazi ilikuwa imeganda. "Mheshimiwa, fungua tu, usi..."

Akavuta.

Likatoka. Likang'oka kama jino la mtoto, kipande kifupi cha bomba na kidonge cha zege mbichi shingoni. Na nyuma yake ukafuata mpira wa kumwagilia bustani, wa kijani.

Mwanasiasa wa kawaida angekohoa, akalirudisha, akasema jambo kuhusu changamoto. Lakini mikono ya fundi ikishagusa kosa haiwezi kuliacha njiani. Spana akaendelea kuvuta. Mpira ukachomoka mchangani hatua kwa hatua, ukapita chini ya viti vya wageni waalikwa, nao wakainua miguu mmoja baada ya mwingine kama wanapishana na nyoka, ukaambaa na turubai, ukakata kona nyuma ya vyoo vya shule, na huko ukakaza. Watu wa pembeni wakachungulia. Nyuma ya vyoo kulikuwa na boza la maji, nembo ya wizara ubavuni, na dereva wake ameketi kwenye ngazi anachokonoa meno.

"Eh!" dereva akasema. "Tayari?"

Akafungulia.

Maji yakaruka kutoka mkononi mwa waziri, yakawapiga wageni waalikwa kwa mpangilio wa vyeo. Mshereheshaji, asiyeruhusiwa kunyamaza, akapaza sauti: "Na hayo ndiyo maji, mabibi na mabwana!"

Mtaa ukacheka kicheko cha miaka yote ile ya madumu. Kisha kicheko kikafa kidogo kidogo, maana watu walianza kumwangalia mama, na mama alikuwa ameishusha ndoo.

Katibu mkuu, shati limegandamana na kifua, akasogea sikioni mwa waziri.

"Msimamishe kazi mhandisi. Sasa hivi, mbele ya kamera. Uwe mkali, lakini kwa uchungu. Kesho utakuwa shujaa, na huko juu hakuna atakayekugusa."

Alikuwa anasema kweli tupu. Ndivyo mawaziri wanavyookoka. Panapotokea aibu hutafutwa mdogo mmoja aliyesimama karibu, anafukuzwa kwenye kipaza sauti, watu wanashangilia, na waziri anazidi kunawiri. Spana mwenyewe aliwahi kuwaona wenzake wakivuka mito mipana juu ya migongo ya namna hiyo.

Akamtazama mhandisi. Dada yule alikuwa amevua kofia ngumu, ameikumbatia, anaangalia viatu vyake. Alijua zamu ni yake.

Mama akauliza, kwa sauti ya mpishi iliyozoea kufika mwisho wa foleni: "Mwanangu, huyo binti kakosa nini?"

Waziri akachukua kipaza sauti. Ilibidi akigonge mara mbili, kilikuwa kimekunywa maji.

"Hajakosa," akasema. "Huyu aliniambia kuna mwamba. Mimi nikamwambia kuna Alhamisi. Jamani, bomba hili halina maji. Maji yako ng'ambo ya barabara, na yalihitaji muda. Mimi ndiye niliyeharakisha. Nilitaka mama yangu ayaone kabla hawajaniondoa. Basi."

Kimya kikatanda. Hata mshereheshaji alivunja mkataba.

Kisha sauti ikatoka nyuma, kwa waliopewa jua: "Spana, sasa si utugawie hata hilo boza?"

Uwanja ukalipuka tena. Watu wakakimbilia ndoo. Mama peke yake hakukimbia. Mwanawe alimfuata, viatu vinalia maji.

"Mama, nikujazie?"

"Hayo ni ya boza. Ya boza nayajua." Akaichukua ndoo yake. "Nitasubiri. Nilikusubiri tumboni, na huko nako ulichelewa."

Akaondoka na ndoo tupu, mgongo umenyooka.

Jioni waziri na mkewe waliketi mbele ya televisheni, chakula magotini. Katika nchi ile hakuna waziri anayeitwa na kuambiwa amefukuzwa. Unalisikia jina lako mwenyewe kwenye taarifa ya habari, kama wananchi wengine, baada ya habari za kimataifa na kabla ya michezo. Msomaji alisema uteuzi umetenguliwa, akageuza karatasi.

"Pole, baba watoto," mkewe akasema.

"Asante. Nipitishie chumvi."

Baadaye kidogo akasema, kama aliyekumbuka kitu: "Hata jina langu kalitamka vibaya." Mkewe akamshika mkono, akauvuta kidogo, kuhakikisha.

Wakahama. Mama alipata habari akiwa anachambua mboga. "Sasa sufuria zangu zingekuwa wapi saa hizi?" akauliza, akaendelea kuchambua.

Lakini ile picha ya mpira wa kijani ukipita chini ya viti ilishaenea kwenye simu za nchi nzima, ikawekewa muziki, watoto wakawa wanaicheza shuleni. Serikali inaweza kuvumilia kiu. Kuchekwa hapendi hata mtu mmoja, sembuse serikali. Ghafla mashine ya kuvunja mwamba ikapatikana, na muda nao ukapatikana. Mhandisi, ambaye hakuna aliyethubutu kumgusa baada ya maneno yale kwenye kipaza sauti, alikesha barabarani na vijana wake mpaka bomba kuu likavuka.

Uzinduzi ukarudiwa. Turubai lile lile, mshereheshaji yule yule, katibu mkuu yule yule, kwa sababu makatibu wakuu hukazwa vizuri kuliko mabomba. Waziri alikuwa mpya, ametokea michezo. Spana hakualikwa. Alikuja kwa miguu, kabeba kiti cha plastiki cha mama yake begani, akasimama juani pamoja na wengine.

Waziri mpya akakata utepe, akanyoosha mkono kwenye koki.

"Vuta kwanza!" mtu mmoja akapaza sauti.

Waziri akatabasamu tabasamu la picha.

"Vuta! Avute Spana! Spana! Spana!" Sasa ulikuwa mtaa mzima, wakipiga ndoo kama ngoma.

Waziri mpya akamtazama katibu mkuu. Katibu mkuu akaona kitu cha maana sana angani. Mhandisi ndiye aliyesogea mbele, kofia kichwani.

"Mheshimiwa, mwache avute," akasema. "Litakaa."

Spana akapita katikati ya watu. Njiani akakunja mikono ya shati. Alipofika kwenye nguzo akamtazama mhandisi, mhandisi akatikisa kichwa kukubali. Akashika bomba kwa mikono miwili. Akavuta. Akaweka mguu juu ya nguzo, kama anamtoa ng'ombe shimoni, akavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikasimama na viganja laini vikachubuka. 

Likakaa.

Akajipangusa mikono kwenye suruali, akamgeukia mrithi wake. "Haya, Mheshimiwa. Sasa fungua."

Bomba likakohoa hewa, likatema tope, likakohoa tena. Kisha maji yakaja, mazito, meupe kwa povu, halafu safi. Hakuna aliyesogea. Walimpisha mama. Akaweka ndoo nyekundu chini, akanawa mikono taratibu, kiganja, mgongo wa mkono, katikati ya vidole. Akakinga, akanywa. Watu wote wakamtazama koo.

"Yana ladha ya chuma," akasema. "Haya ni ya bomba."

Hakuna hotuba iliyowahi kushangiliwa hivyo katika uwanja ule.

"Umeridhika, mama?" Spana akauliza kwa sauti ndogo.

"Nimeridhika. Sasa hata nikiitwa..."

"Mama!"

"Si leo. Leo nafua mapazia." Ndoo ilikuwa imejaa. Akamshika mkono mwanawe, akaugeuza, akaiona michubuko, akaifunika kwa kiganja chake kilicholowa. "Huu nimeutambua. Beba ndoo, na usimwage."